Bastola ya Babu: Soma Umbo Kwanza, Jina Mwisho

Mzee aliingia ofisini na mjukuu wake, mkononi kikapu cha ukili kilichojaa mahindi mabichi. Akayatoa mahindi moja moja, akafikia kipande cha kaniki, akakifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na bastola nzito, nyeusi, mtutu wake umeshika kutu ya rangi ya ugoro.

"Hii ni ya ofisa wa Kijerumani," alisema. "Babu yangu aliipata vita vya Maji Maji."

Kwa mshtuko nilisahau hata kumpa shikamoo. Wakati huo nilikuwa nikiorodhesha vitu katika makumbusho ndogo kusini mwa Tanzania, na nilishaletewa mikuki, magobore, vyungu na hata jino la kiboko lililodaiwa kuwa la mamba, lakini bastola ndani ya mahindi ilikuwa mara ya kwanza. Nikamwomba asiishike tena, nikapiga simu kituo cha polisi. Mzee alinuna. Alidhani nimemchongea. Vikombe viwili vya chai baadaye askari aliyekuja, mtu mpole na mwenye kujua kazi yake, aliifungua, akatazama matundu yote sita ya silinda, akatuonyesha kuwa hayana kitu. Hapo ndipo tukawasha tochi.

Upande wa kushoto wa fremu, chini ya uchafu uliogeuka kuwa kama lami, palikuwa na jina Webley na mwaka: 1916. Maji Maji ilianza 1905 na ikazimwa 1907.

Nitamrudia mzee huyo. Makala haya ni kwa mtu yeyote ambaye siku moja atakutana na bastola ya zamani: katika kasha la marehemu, katika stoo ya makumbusho ya wilaya, au kwenye chumba cha mnada huko ughaibuni, ambako jamaa zetu wengine wamekuwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Nazungumzia bastola ya silinda, ile inayobeba risasi zake katika gurudumu linalozunguka, ambayo wengi huiita rivolva.

Kabla ya kusoma chochote, niseme la kuudhi. Kutu haiui bastola. Bastola iliyokaa darini miaka hamsini inaweza kuwa na risasi hai, na risasi hiyo inaweza kulipuka. Usiikoki, usivute kifyatulio kuona kama bado kinafanya kazi, usimpe mtoto, wala usiipakie kwenye basi kama alivyofanya mzee wangu. Iache ilipo, waite polisi, wao waifungue. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hakuna askari atakayeridhika na maelezo kwamba hili ni pambo la urithi tu. Kusoma alama kunawezekana vizuri kabisa mbele ya askari. Mimi nimefanya hivyo, na askari mwenyewe ndiye aliyenishikia tochi.

Sasa twende kwenye kusoma.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kukimbilia maandishi. Anaona neno, analitafuta, anapata picha inayofanana, basi kesi imekwisha. Mimi nilifanya kosa hilo na sikulisahau. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliiandikia kadi bastola ndogo ya mfukoni kuwa ni ya Kiingereza, kwa sababu mgongoni mwake pamechongwa maneno "The British Bull Dog". Ilikuwa ya Ubelgiji. Webley wa Birmingham ndiye aliyeanza kutengeneza bastola za jina hilo mwaka 1872, zikapendwa, na mafundi wa Liège wakaziiga kwa maelfu, jina na vyote. Jina huchongwa kwa dakika chache na mtu yeyote mwenye patasi. Umbo halichongwi hivyo. Umbo linataka mashine, vipimo na kiwanda. Ndiyo maana nasema anza na umbo, kisha mihuri ya serikali, kisha namba, na jina liwe la mwisho kuaminiwa.

Umbo linaanza na swali moja: inafunguliwaje? Ziko njia tatu kuu. Ya kwanza, fremu ni kipande kizima kisichokunjika, na upande wa kulia nyuma ya silinda kuna kilango kidogo cha kuingizia risasi moja moja. Colt ya Kimarekani ya 1873, ile ya filamu za wachunga ng'ombe, iko hivyo. Vivyo hivyo bastola za jeshi la Ujerumani za mfano wa 1879 na 1883, na Webley za awali zilizotengenezwa kwa ajili ya polisi wa Ireland. Ya pili, bastola hukunjika katikati: unabonyeza komeo, mtutu unainama chini, na kipande chenye umbo la nyota kinainuka katikati ya silinda na kusukuma maganda yote nje kwa pamoja. Hii ndiyo Webley ya kijeshi. Ya tatu, silinda inatoka nje kwa upande wa kushoto huku fremu ikibaki nzima; ndivyo zilivyo Colt na Smith & Wesson nyingi za karne ya ishirini.

Kwa swali hilo peke yake dai la mzee lilishaanza kuyumba. Bastola ya Kijerumani ya enzi ile, ya 1879 au 1883, haikunjiki. Haina hata kitu cha kutolea maganda: askari alilazimika kuyasukuma moja moja kwa kijiti. Tena ina kidude cha usalama upande wa kushoto wa fremu, jambo ambalo ni nadra mno kwa bastola za silinda, na ile ya 1879 ina mtutu mrefu wa kama sentimita 18 unaoifanya ionekane kama kitu cha kwenye jahazi. Iliyokuwa mezani kwangu ilikunjika kama kisu cha mfukoni.

Ukishaijua njia ya kufunguliwa, chukua rula. Urefu wa mtutu wa bastola ya silinda hupimwa kuanzia mbele ya silinda hadi mdomoni. Silinda yenyewe haihesabiwi. Hesabu matundu: matano, sita, saba? Bastola ya Kirusi ya Nagant ya 1895 ina saba, na silinda yake husogea mbele kidogo kuziba mwanya kabla ya mlio, kwa hiyo mwenye macho huitambua bila kusoma herufi hata moja. Tazama mshikio. Tazama kilenga cha mbele, kama kimeshikwa kwa skrubu au ni sehemu ya mtutu. Tazama chini ya mshikio kama kuna pete ya kufungia kamba, dalili ya mpanda farasi au mwanajeshi. Andika yote kabla hujasoma neno. Karatasi ile itakulinda dhidi ya tamaa yako mwenyewe.

Nikae kidogo kwenye Webley, maana huku kwetu ndiyo unayoweza kukutana nayo kuliko nyingine. Uingereza iliipokea bastola hii rasmi mwaka 1887, ikiitwa Mark I, na kila mabadiliko yakapewa namba ya Kirumi: II, III, kisha Mark IV ya 1899 iliyokwenda vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, Mark V ya 1913, na Mark VI ya 1915. Zote hizi za kijeshi ni za kaliba .455, yaani sehemu 455 kati ya elfu za inchi, kama milimita 11.6. Zinafanana kama ndugu, lakini mshikio unazitenga. Kuanzia Mark I hadi V mshikio umepinda na kuishia kwa ncha ya mviringo, kama mdomo wa kasuku. Mark VI ina mshikio wa pembe, umenyooka na kupanuka chini. Mark IV na V za jeshi kwa kawaida zina mtutu wa inchi 4. Mark VI ina inchi 6, uzito wake unapita kilo moja, na kilenga chake cha mbele kimeshikwa kwa skrubu. Ukishahakikisha kwamba ni Mark VI, huhitaji kusoma zaidi ili kujua kwamba haikuwepo vita vya Makaburu, wala haikuwepo Maji Maji, hata muuzaji aape kwa kaburi la mama yake.

Ukitazama upande wa kulia wa Webley hizi utaona springi yenye umbo la V iko wazi nje ya fremu, inasukuma komeo la kufungia. Wengi hudhani ni kipande kilichoongezwa na fundi wa mtaani. La, ni yake. Na mbele ya silinda, pande zote mbili za mtutu, kuna vinundu vya mteremko. Hivi vinaizuia silinda isikwame kwenye ala ya ngozi wakati wa kuirudisha. Bastola ya kuiga mara nyingi huvisahau au huvifanya vibaya.

Webley ina mdogo wake pia, anayechanganya watu: Enfield Na. 2, iliyopokewa mwaka 1932. Kwa mbali ni Webley. Kwa karibu ni nyembamba, nyepesi, mtutu wa inchi 5, kaliba .38. Toleo lake la 1938 halina kishikio cha kidole juu ya nyundo. Nyundo imekatwa laini, kwani wafanyakazi wa vifaru walikuwa wakiikwamisha kwenye vyuma ndani ya kifaru. Watu wakiona nyundo hiyo husema imevunjika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baadhi zilitengenezwa Scotland na Albion, kampuni ya malori, na jina hilo limo kwenye chuma. Nazo Webley za .38 za miaka ile ya vita zimepigwa maneno WAR FINISH, kiwanda kikijitetea mapema kwamba chuma hakikung'arishwa kama zamani kwa sababu ya haraka.

Mihuri sasa. Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo pa kutumia muda. Bunduki ya Uingereza haikuruhusiwa kuuzwa kabla ya kupelekwa kwenye nyumba ya majaribio, ikapigwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ikitoka salama ikagongwa muhuri. Nyumba ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Ya London ni kongwe zaidi. Hadi 1904 muhuri wa Birmingham ulikuwa fimbo mbili za kifalme zilizokingamana, taji juu. Baada ya 1904 utaona taji na herufi chini yake: BV, BP, au NP kwa baruti mpya isiyotoa moshi. Kwenye bastola mihuri hii hurudiwa kwenye kila tundu la silinda, kwa hiyo mtutu uliochakaa usikukatishe tamaa. Izungushe silinda polepole na utafute hapo.

Wabelgiji wana herufi ELG ndani ya duara la yai, kifupi cha majaribio ya Liège. Bila taji ni kabla ya 1893. Yenye taji juu ni 1893 na kuendelea. Alama hii ndogo kuliko punje ya mchele ndiyo iliyoniumbua kwa Bull Dog yangu. Ilikuwa pale kwenye silinda muda wote; mimi nilikuwa nikishangaa maneno makubwa ya juu. Wajerumani, chini ya sheria yao ya majaribio ya 1891, waligonga herufi kama B, U na G zenye taji. Na ukikuta NOT ENGLISH MAKE, usicheke: Waingereza waliwagongea hivyo wageni waliopita katika nyumba zao za majaribio, na kwa mkusanyaji muhuri huo ni zawadi, kwa kuwa unamwambia bastola ilitoka nje, ikapita Uingereza, ndipo ikafika ilipo.

Mshale mpana, kama unyayo wa kuku, ni mali ya serikali ya Uingereza. Kuuona kwenye fremu kunasema bastola ilinunuliwa na jeshi. Mishale miwili iliyogusana ncha inasema kinyume: jeshi limeiondoa, imeuzwa kihalali. Lakini kutokuwepo kwa mshale kusikufanye useme ni ya bandia. Maofisa wa Uingereza hadi Vita Kuu ya Kwanza walijinunulia bastola kwa fedha zao, wakitakiwa tu iwe inakubali risasi za serikali. Bastola ya ofisa inaweza kuwa safi isiyo na mshale hata mmoja, huku juu ya mtutu imeandikwa jina la duka la London, kama Army & Navy, duka la ushirika lililowahudumia wanajeshi. Hilo ni jina la muuzaji. Aliyeitengeneza ni mwingine, na mara nyingi utampata kwa alama ndogo ya fremu: risasi yenye mbawa ni nembo ya Webley.

Mtego mwingine ni tarehe. Colt nyingi za mfano wa 1873 zina tarehe tatu za hataza kwenye fremu, za 1871, 1872 na 1875. Nimewahi kuona mtu akishikilia kuwa bastola yake ni ya 1875 wakati ilikuwa imetengenezwa karne ya ishirini. Kiwanda kiliendelea kugonga tarehe zilezile miaka mingi, maana hataza ni cheti cha uvumbuzi, haisemi siku ya kuzaliwa kwa kila bastola. Lakini Mark VI, kwa ukaidi wake, ina neno PATENTS na mwaka, na mwaka huo ndio uliotengenezwa kweli. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya tarehe kwa viwanda vyote. Jua kwanza ni nani, ndipo ujue mwaka wake unasema nini.

Wahispania wa Eibar nao wana sura yao. Mwaka 1915 Uingereza, ikiwa na njaa ya silaha, ilinunua kwao bastola za .455 za kukunjika zinazofanana na Smith & Wesson za zamani. Hizo ni halali, zina mihuri ya Uingereza, na wakusanyaji wanazitafuta. Lakini Eibar hiyohiyo ilizalisha bastola nyingi za kuiga Wamarekani, zenye nembo ya herufi zilizofumwa ili kwa mbali macho yasome S na W. Weka kioo cha kukuzia na usome herufi moja moja.

Namba hazina mvuto, ila zina fedha. Webley hubeba namba yake kwenye fremu upande wa kulia, na inapaswa kurudiwa kwenye silinda. Zikilingana, bastola imekaa pamoja tangu kiwandani. Zisipolingana, sehemu fulani imebadilishwa, pengine na fundi wa jeshi katika karakana, jambo la kawaida vitani, pengine na mfanyabiashara aliyeunganisha mbili mbovu kupata moja nzima. Kwa Smith & Wesson tazama chini ya mshikio; namba zile ndogo zilizofichwa kwenye mkono unaobeba silinda ni za mafundi wa kiwandani tu, na zimewapotosha wengi. Colt na wakfu wa historia wa Smith & Wesson bado hutoa barua kwa malipo, zikieleza bastola yenye namba fulani ilipelekwa lini na kwa nani. Kwa anayenunua huko Marekani, barua hiyo ni bora kuliko hadithi kumi.

Namba ikiwa imesagwa kwa tupa, simama. Hapo hapana tena kazi ya mpenda mambo ya kale. Mtu alikuwa na sababu ya kuifuta, na hilo ni la polisi.

Kuhusu kusoma alama zilizofifia, sina dawa kubwa. Zima taa ya chumba, laza tochi karibu sana na chuma ili mwanga upite kwa mlalo, na herufi zitajitokeza kama makaburi jua linapozama. Unga wa chaki ukipakwa kwa kidole na kufutwa hubaki ndani ya mikwaruzo. Karatasi nyembamba juu yake na penseli laini ikisuguliwa kwa ubavu hukupa nakala unayoweza kuibandika kwenye daftari. Piga picha ya kila muhuri ukiwa na rula pembeni. Usitumie msasa. Usitumie brashi ya waya, wala ndimu na majivu kama kwa sufuria. Najua hamu ya kutaka ing'ae. Nimeona bastola iliyong'arishwa na mjukuu mwenye upendo hadi mihuri yote ikaisha, na kilichobaki ni chuma kizuri kisicho na kumbukumbu. Tone la mafuta mepesi ya mashine na kitambaa cha pamba vinatosha, tena ni baada ya polisi kuikagua.

Rangi ya asili, ile nyeusi ya kuelekea buluu, hata ikiwa imebaki robo, ina thamani kuliko rangi mpya iliyojaa. Aliyepaka upya hujiumbua kwa dalili ndogo: kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, mashimo ya skrubu yamekuwa na beseni kuzunguka, na chuma kinang'aa hata ndani ya mashimo ya kutu ya zamani. Nakshi za jina la ofisa nazo zitazame hivyohivyo. Jina lililochongwa 1916 limechakaa pamoja na chuma kinacholizunguka. Jina lililochongwa juzi linapita juu ya mikwaruzo na kutu, kingo zake bado kali.

Kwa wanunuzi wa ughaibuni kuna jambo moja la Mark VI ambalo lisikupite. Nyingi zilizouzwa Marekani baada ya vita zilikatwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za .45 za bastola ya Kimarekani. Silinda ikiwa imechongwa utaona mwanya mpana nyuma yake, na mara nyingi namba imeliwa nusu. Bei yake inashuka, na zaidi ya hapo risasi zile zina nguvu kuliko alivyokusudia aliyeibuni bastola. Ni ya kutazamwa, basi. Na sheria za huko ziulize kabla ya kuinua mkono mnadani: sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa 1898 au kabla, ingawa majimbo yana yao; Uingereza nayo ilipiga marufuku bastola nyingi mwaka 1997 na inachobakiza kina masharti. Hata iliyolemazwa yenye cheti cha nchi moja, cheti hicho hakivuki mpaka nayo. Usifikirie hata kidogo kuifunga kwenye begi la kurudi nyumbani.

Baada ya umbo, mihuri, namba na jina, ndipo usikilize hadithi. Kuna watu hapa hugeuka mahakimu: mwaka haulingani, basi familia imedanganya. Nawasihi wasiwe wepesi hivyo. Mwaka kwenye chuma unasema bastola haikuwepo kabla ya hapo. Hausemi ilifika lini, wala mkononi mwa nani.

Nilimweleza mzee kwamba bastola ilitengenezwa Birmingham miaka tisa baada ya Maji Maji kuzimwa. Alikaa kimya, akamwangalia mjukuu wake, kisha akauliza: hivi vita vile vya pili, vya Mjerumani na Mwingereza, vilipita lini huku? Nikamwambia 1916 na 1917. Mapigano ya Mahiwa, ndani kidogo kutoka Lindi, yalikuwa Oktoba 1917, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma. Akatikisa kichwa. Babu yake, alisema, alichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza. Baba wa babu ndiye aliyekuwa Maji Maji. Nyumbani walikuwa wakisimulia vyote viwili jioni moja, na watoto wakavifanya kimoja.

Sikuandika kwenye kadi kwamba mpagazi aliitoa kwa ofisa, kwa sababu hakuna aliyeona. Niliandika: Webley Mark VI, .455, Birmingham, 1916, mshale mpana kwenye fremu, hakuna mishale miwili. Chini yake, kwa wino mwingine, maneno ya mzee kama alivyoyasema, pamoja na jina la kijiji na tarehe aliyoyasema. Ukiwa na makumbusho au daftari lako, fanya hivyo: anayesema ni chuma aandikwe pake, anayesema ni mtu aandikwe pake.

Askari aliichukua bastola na kumwachia mzee risiti. Mjukuu alibaki na karatasi tatu za penseli: moja ya jina na mwaka, moja ya mshale, moja ya namba. Ya nne, ya silinda, niliibakiza mimi, kwa kuwa namba yake haikulingana na ya fremu.